Somo: Kuwaona arkea wakiogelea kwenye maji ya shamba la chumvi

Bwawa la mwisho la shamba la chumvi, lile ambalo chumvi imeanza kuganda, huwa na maji mekundu au ya waridi. Wengi hudhani ni udongo. Ni viumbe hai, na sehemu kubwa yao ni arkea wapenda chumvi, jamaa za Halobacterium. Seli zao hazina kiini, kama za bakteria, lakini ukoo ni mwingine kabisa, kama wanasayansi Carl Woese na George Fox walivyoonyesha mwaka 1977. Ukitaka kuuelewa utofauti huo, anza na jinsi wanavyotembea.

Hatua ya 1: Maji. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, iwe Bagamoyo au Gongoni, uchote nusu kikombe. Nenda kiangazi. Mvua ikishanyesha, chumvi hupungua na rangi hufifia.

Hatua ya 2: Usiyazimue. Mara ya kwanza niliona maji yangu mazito, nikaongeza matone mawili ya maji ya bomba. Vile vijiti, yaani arkea wenyewe, vilivimba, vikawa duara, vikapasuka kimoja kimoja nikivitazama. Ukuta wa Halobacterium ni gamba la protini linaloshikamana kwa sababu ya chumvi iliyo nje. Ukiiondoa chumvi, gamba linaachia. Slaidi (kioo cha chini) ikiwa na maji ya bomba, ikaushe kabisa kwanza.

Hatua ya 3: Tone. Dogo, na kioo chembamba juu yake. Paka kingo rangi ya kucha. Usipoziba, maji hukauka, fuwele za chumvi huota pembeni, na mkondo huburuta kila kitu. Chumvi ikigusa lenzi, ifute siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Mwanga. Tumia lenzi ya hadubini inayokuza mara 40. Bana diaframu (tundu la kupitishia mwanga) karibu yote, ushushe kondensa (lenzi iliyo chini ya meza ya slaidi) kidogo. Picha inakuwa na giza, lakini ndipo vijiti vya kijivu vinapojitokeza.

Hatua ya 5: Subira. Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Vyote vikielekea upande mmoja, huo ni mkondo. Vikitetemeka palepale, vinasukumwa na molekuli za maji, na hata kitu kilichokufa hufanya hivyo. Vidude vikubwa vya mviringo vinavyokatiza mbio ni mwani uitwao Dunaliella, achana navyo. Chagua kijiti kimoja, kilinganishe na doa lililoganda kwenye kioo, kisha hesabu sekunde. Halobacterium huenda mikromita 2 hadi 3 tu kwa sekunde (mikromita elfu ni milimita moja). Eneo unaloliona lina upana wa mikromita 450 hivi, kwa hiyo kulivuka kwahitaji kama dakika tatu. Kabla hajafika atasimama na kurudi alikotoka bila kugeuza mwili, kama feri ya Likoni isiyogeuza pua.

Kinachomsukuma hutakiona kwa hadubini ya shule: ni uzi uliosokotwa, unene wake nanomita 10 hivi (nanomita elfu ni mikromita moja). Ukizunguka kufuata saa, seli inasukumwa mbele. Ukizunguka kinyume, inavutwa nyuma.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Kwa nini uzi huo tusiuite flajela tu, kama uzi wa kuogelea wa bakteria?*

Marahaba. Vitabu viliuita hivyo miaka mingi, hadi mwaka 2012 Ken Jarrell na Sonja-Verena Albers walipopendekeza jina lake lenyewe, arkelamu. Nakubaliana nao kabisa. Flajela ya bakteria ina tundu katikati. Protini hupita humo na kuungwa nchani. Arkelamu haina tundu, hukua kutoka shinani kama ukucha. Mota ya bakteria huendeshwa na protoni au sodiamu zinazoingia ndani ya seli, ilhali ya arkea huchoma ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Kwa muundo, arkelamu ni ndugu wa vile vinyweleo ambavyo bakteria wengine hujikokotea, ila huu umejaliwa kuzunguka. Koo mbili zimefikia pangaboi moja kwa njia mbili.

*Niko Kajiado. Maji ya Magadi yanafaa?*

Yanafaa sana, ndugu. Arkea aitwaye Natrialba magadii alipatikana katika ziwa hilo na kuelezwa mwaka 1984, na ana arkelamu. Maji yale ni ya magadi makali, vaa glavu na ulinde macho.

*Arkea wote huenda polepole hivi? Na nyuzi zao kazi yake ni kuogelea tu?*

La. Arkea aitwaye Methanocaldococcus villosus wa chemchemi za moto chini ya bahari, kaskazini ya Iceland, ana arkelamu zaidi ya 50. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2012 vilimpata akienda karibu mara 468 ya urefu wake kwa sekunde. Duma hufika kama mara 20. Nyuzi hizohizo humsaidia kujishika kwenye mwamba. Wapo pia wasiokwenda popote: karibu na Regensburg, Ujerumani, kwenye maji baridi ya salfa, kuna arkea mwenye nyuzi kama mia. Kila uzi una miiba mwilini na ndoano tatu nchani, nanga hasa, na seli hunasana kwazo zikatanda utando mmoja. Mimi hizo ndoano ndizo zinanivutia kuliko mbio zote.

*Za kwangu hazisogei tangu jana.*

Huenda ulifunga chupa kabisa ukaiweka kabatini. Oksijeni ikipungua, Halobacterium hutumia mwanga kutengeneza ATP, na bila ATP mota haizunguki. Legeza kifuniko, iweke dirishani palipo na mwanga bila jua kali, uangalie tena kesho asubuhi kwa tone jipya.