Jinsi ya Kupima Presha Nyumbani na Kuzielewa Namba Zake

Familia nyingi siku hizi zimejinunulia mashine ya kupimia presha kwa ajili ya mzee wa nyumba, lakini ni nadra anayeinunua kuelezwa namna ya kuitumia. Shangazi yangu aliwahi kupimwa mara tu baada ya kushuka kwenye daladala na kupanda ngazi, akaambiwa presha imepanda, akakaa wiki nzima na hofu. Alipopimwa tena kwa siku kadhaa akiwa ametulia, namba zake zilikuwa za kawaida. Jirani yake yalimkuta ya kinyume chake: kwa kuwa hakuumwa kichwa wala kusikia kizunguzungu, hakuona sababu ya kupima, hadi siku alipopooza upande mmoja. Wote wawili walikosa kitu kile kile, yaani kipimo kilichofanywa kwa utaratibu na kurudiwa.

Kabla ya kuvaa mkanda, inafaa kujua ni nini hasa kinachopimwa. Moyo ni msuli wenye ukubwa unaokaribia ngumi ya mwenyewe, nao una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Upande wa kulia hupokea damu inayorudi kutoka mwilini ikiwa imepungukiwa na oksijeni na kuisukuma kwenda mapafuni. Upande wa kushoto huipokea ikitoka huko na kuisukuma mwili mzima kupitia aota, mshipa mkubwa kuliko yote. Safari hii ya damu kupitia mapafuni ilielezwa na Ibn al-Nafis, tabibu aliyefanya kazi Cairo katika karne ya 13, na mwaka 1628 William Harvey wa Uingereza akachapisha hoja zake kwamba damu huzunguka mwili mzima na kurudi moyoni. Kati ya vyumba, na kwenye milango ya kutokea, kuna vali zinazofunguka upande mmoja tu ili damu isirudi ilikotoka. Mtu mzima aliyepumzika husukumiwa lita 5 hivi za damu kila dakika.

Namba ya juu ni nguvu ya damu dhidi ya kuta za mishipa wakati moyo unapojikaza, na ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapolegea na kujaa tena. Zote husomwa kwa milimita za zebaki, kwa sababu kifaa cha mkanda alichokitangaza Scipione Riva-Rocci wa Italia mwaka 1896 kilitumia mrija wa zebaki. Mashine za kielektroniki hufanya kazi kwa namna nyingine: mkanda unapolegea taratibu, mashine hutambua mitetemo ya mshipa uliobanwa. Ndiyo maana mtu akizungumza au akichezesha mkono namba huharibika, na ndiyo maana pia mashine hizi hukosea zaidi kwa mtu ambaye mapigo ya moyo wake hayana mpangilio.

Sasa tuingie kwenye upimaji wenyewe. Nusu saa kabla ya kupima, usinywe kahawa, usivute sigara na usifanye kazi nzito. Nenda haja ndogo kwanza, kwa kuwa kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kisha keti kwenye kiti chenye egemeo, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili zimekanyaga sakafu na miguu haikupandanishwa, ukae kimya kwa dakika 5. Kimya hapa maana yake ni kutokuwa na simu mkononi wala mazungumzo na wajukuu. Ninasisitiza hizi dakika 5 kwa sababu ndizo zinazorukwa kuliko kitu kingine chochote.

Funga mkanda juu ya ngozi, si juu ya shati, sentimita 2 au 3 juu ya mkunjo wa kiwiko, ubane kiasi cha kuruhusu vidole viwili kupita chini yake. Mkono uwe umelazwa juu ya meza, mkanda ukilingana kimo na moyo. Mkono ukining'inia, namba hupanda, kwa sababu uzito wa damu yenyewe huongezeka kwenye kipimo. Upana wa mkanda nao ni jambo la kuangalia tangu dukani: mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba za juu kuliko ukweli. Mashine za kifundo cha mkono hazitegemeki sana, hivyo ukiweza chagua ya juu ya kiwiko. Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha uendelee na ule uliotoa namba kubwa zaidi.

Pima mara mbili, ukiacha dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya kumeza dawa na tena jioni, kwa siku 7 mfululizo. Andika kila kipimo katika daftari pamoja na saa na idadi ya mapigo, bila kuficha kinachokutisha. Acha vipimo vya siku ya kwanza, kisha tafuta wastani wa vilivyobaki. Kwa nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi huhesabiwa kuwa juu. Kliniki hutumia 140/90, kwa kuwa watu wengi hupandwa na presha kidogo wanapokuwa mbele ya daktari.

Ikionyesha 180/120 au zaidi, tulia dakika 5 na urudie. Namba ikibaki pale pale huku kukiwa na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, giza machoni, ulegevu wa upande mmoja au ulimi mzito, nenda hospitali wakati huo huo. Kama hakuna dalili yoyote, wasiliana na kliniki siku hiyo hiyo, wala usimeze vidonge vya ziada kwa kubahatisha. Mjamzito asingoje wiki ipite: 140/90 kwake ni sababu ya kwenda kliniki mara moja, kwa hofu ya kifafa cha mimba.

Presha iliyoachwa miaka mingi huulazimu moyo kusukuma dhidi ya ukinzani mkubwa. Ukuta wa chumba cha chini cha kushoto hunenepa, kisha nguvu zake hupungua. Damu hukwama nyuma yake, miguu huvimba, na mgonjwa hushindwa kulala chali bila kujirundikia mito. Kuta za mishipa huumia, mafuta hujikusanya, na mishipa inayoulisha moyo wenyewe ikiwa miembamba, kifua hubana mtu anapopanda mlima. Bonge la damu likiuziba mshipa huo, sehemu ya msuli huanza kufa: huo ndio mshtuko wa moyo, ambao kwa wengi huja na mgandamizo wa kifua unaosambaa hadi mkononi au tayani pamoja na jasho jembamba, lakini kwa baadhi ya wanawake na wenye kisukari huja kama uchovu na kukosa pumzi tu. Kwenye ubongo, madhara hayo huwa kiharusi.

Hata hivyo, mashine haioni kila kitu. Mtoto anayeumwa koo kwa bakteria asipotibiwa anaweza kupata homa ya baridi yabisi, ambayo hukwangua vali za moyo na kuziacha zikivuja au zikibana, huku presha yake ikisoma vizuri kabisa. Kwa hiyo anayekosa pumzi kwa kazi ndogo, anayezimia, au anayesikia moyo ukienda mbio ovyo aende akasikilizwe moyo, hata kama daftari lake halina tatizo.

Siku ya kliniki, chukua daftari, dawa zako zote katika pakiti zake, na mashine yenyewe, umwombe muuguzi ailinganishe na ya kwake. Kama umeacha dawa kwa sababu namba zilishuka, mweleze waziwazi: huenda ni dawa hizo zilizokuwa zimezishusha.