Jinsi ya Kupanga Ziara katika Visiwa vya Anavilhanas
Kabla ya kufunga safari ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Anavilhanas, yenye visiwa takriban 400 ndani ya Mto Negro nchini Brazili, amua kwanza unataka kuona nini, kwa kuwa kina cha maji ndicho kinachopanga ratiba. Mwezi Juni mto huwa umefurika, nawe utapenya kwa mtumbwi katikati ya matawi ya miti iliyozama. Ifikapo Oktoba maji hupungua na fukwe za mchanga mweupe hujitokeza. Binafsi ningechagua mafuriko. Kutoka jiji la Manaus, nenda kwa barabara hadi mji wa Novo Airão ulio karibu na hifadhi, kisha ukodi mashua yenye mwongoza watalii aliyeidhinishwa. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari.