Kuhifadhi Bunduki kwa Usalama na Kulegeza Springi Zake Kabla ya Kuiweka

Wamiliki wengi wa silaha halali nchini Uganda, pamoja na wasimamizi wa ghala za silaha katika kampuni za ulinzi, huuliza kama springi ya bunduki huharibika ikiachwa imebanwa kwa miezi mingi. Swali hilo ni la maana na litajibiwa hapa, lakini linakuja la pili. La kwanza ni kama bunduki haina risasi ndani yake, na ni nani mwingine anayeweza kuifikia ukiwa hupo. Mnamo Mei 2023, jijini Kampala, konstebo wa polisi ambaye hakuruhusiwa kushika silaha alichukua bunduki ya askari mwenzake na kumuua mkopeshaji wa fedha ofisini kwake. Cheti kinachotakiwa na Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 humtaja mwenye silaha. Mlango uliofungwa na ufunguo usiozagaa ndivyo vinavyohakikisha kwamba silaha hiyo inabaki kwake.

Kazi yote ianze kwa kuondoa risasi, na mpangilio wake usibadilishwe hata kwa mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi. Elekeza mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu. Pipa lililojaa mchanga, kama lile linalowekwa kwenye vituo vya polisi na kambini, ndilo bora zaidi, kwani sakafu ya saruji hurudisha risasi, na ukuta wa tofali moja unaweza kupenywa na risasi ya bunduki ya kivita. Kidole kikiwa nje ya kifyatulio, toa magazini (kasha la risasi) kwanza, kisha vuta bolti, yaani chuma kinachoteleza kufunga nyuma ya mtutu, ili risasi iliyomo kwenye chemba, tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi, itoke. Anayevuta bolti kabla ya kutoa magazini huitoa risasi moja na kuingiza nyingine papo hapo bolti inaporudi mbele, halafu huamini kwamba bunduki ni tupu. Bolti ikiwa bado nyuma, tazama ndani ya chemba kwa macho, kisha ipapase kwa ncha ya kidole kidogo, kwa sababu kwenye mwanga hafifu macho hudanganya. Risasi zote zilizotoka zihesabiwe na ziondolewe kabisa katika chumba hicho kabla ya kugusa kifyatulio.

Sasa tuje kwenye springi. Chuma cha springi iliyotengenezwa vizuri hakichoki sana kwa kukaa kimebanwa bila kusogea, mradi hakikubanwa kupita kiwango kilichokusudiwa na mtengenezaji. Kinachokichosha ni kubanwa na kuachiliwa maelfu ya mara, pamoja na kutu, ambayo huchimba vidoa vidogo vinavyokuja kuwa chanzo cha ufa. Springi za bapa zilizokunjwa kwa umbo la V, ambazo zimo ndani ya bunduki nyingi za zamani za mitutu miwili, ni dhaifu zaidi kuliko zile za kuzunguka, na mwenye bunduki ya aina hiyo ana sababu ya kweli ya kutoiacha imekokiwa, yaani springi ikiwa imebanwa tayari kufyatua. Kwa silaha nyingine, ninashauri springi ilegezwe hata hivyo, kwa sababu bunduki iliyokokiwa ndani ya sefu humwachia anayeifungua baadaye mashaka ambayo hayana faida yoyote. Ila ikumbukwe kwamba kulegeza springi mara nyingi kunamaanisha kuvuta kifyatulio, na kwa hiyo hakuna hatua yenye hatari kubwa kuliko hii katika kazi nzima. Kama kuna chembe ya shaka kuhusu chemba, rudi mwanzo.

Namna ya kulegeza hutegemea aina ya silaha. Chukua Lee-Enfield, ile ambayo walinzi wengi huiita Mark 4. Bunduki hii hukokiwa wakati bolti inasukumwa mbele, si wakati mkono wake unapoinuliwa. Baada ya kuhakikisha kwamba ni tupu, shika kifyatulio kikiwa kimevutwa, kisha sukuma bolti mbele polepole kwa mkono mwingine na uteremshe mkono wake. Utahisi kwamba bolti inakwenda bila ule uzito wa kawaida wa mwishoni, na ukitazama nyuma yake utaona kile kipande cha kukokia kimesogea mbele hadi kikomo chake. Kipande hicho ndicho ushahidi wako, kwa kuwa kinaonekana na kugusika bila kufungua chochote. Kwa bunduki za aina ya Mauser, ambazo hukokiwa mkono wa bolti unapoinuliwa, sukuma bolti mbele mkono wake ukiwa bado umeinuliwa, vuta kifyatulio, na ukiwa bado umekivuta teremsha mkono huo taratibu. Springi italegea bila pini, ile inayogonga risasi ili iwake, kupiga kwa nguvu.

Kwa AK, toa magazini, vuta bolti na ukague chemba, iachilie irudi mbele, vuta kifyatulio mtutu ukiwa kwenye mchanga, kisha pandisha kizuizi cha usalama. Bastola ya Makarov haihitaji kuvutwa kifyatulio, kwa sababu ukipandisha kizuizi chake nyundo hushuka yenyewe. Bado ni lazima iwe tupu kabla ya kufanya hivyo.

Bunduki ya mitutu miwili isiyo na nyundo za nje inahitaji uangalifu zaidi, kwani kitendo cha kuikunjua ndicho kinachoikoki. Weka risasi bandia za kununua katika chemba zote mbili, funga, elekeza mtutu mahali salama, vuta vifyatulio vyote viwili, na usiikunjue tena. Risasi bandia ziwe na rangi isiyofanana kabisa na risasi halisi, na kamwe zisitengenezwe nyumbani kwa kuchokonoa risasi nzima. Funga kikaratasi kwenye kishikio kinachosema kwamba ndani kuna risasi bandia na springi zimelegezwa, pamoja na tarehe. Bunduki ndogo za .22 (kipimo cha kipenyo cha mtutu kwa inchi) nazo zisifyatuliwe zikiwa tupu, kwa sababu pini hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu. Tumia risasi bandia au ganda lililokwisha kutumika.

Springi ya magazini haihitaji mjadala mrefu. Risasi zinapaswa kuhifadhiwa mbali na bunduki, katika sanduku lake lenye kufuli na ufunguo wake, na kwa hiyo magazini itakuwa tupu na springi yake itakuwa imelegea.

Baada ya hapo, adui anayebaki ni unyevu. Kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Entebbe hadi Jinja, hewa ni nzito hata mvua isiponyesha, na misimu ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba huleta kutu ndani ya muda mfupi. Futa kila sehemu iliyoguswa kwa mkono, maana jasho lina chumvi, kisha paka mafuta ya bunduki kwa utando mwembamba. Aliyetumia risasi za kijeshi za zamani zenye viwashio vinavyoacha chumvi asitegemee mafuta peke yake, kwani hayayeyushi chumvi hiyo. Mtutu uoshwe kwa maji ya moto, ukaushwe kabisa, ndipo upakwe mafuta. Usiihifadhi bunduki ndani ya mfuko wa ngozi au sanduku la sponji, kwa kuwa vyote viwili hushika unyevu na kuugandamiza kwenye chuma. Ndani ya sefu iliyofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni weka vifuko vya kunyonya unyevu, uvibadilishe kila msimu wa mvua unapoanza, na kwa kuhifadhi kwa muda mrefu simamisha bunduki mtutu ukielekea chini ili mafuta yasitiririke na kulowesha mbao za kitako.

Siku ya kuitoa, ichukulie kwamba ina risasi hadi uikague mwenyewe upya, hata kama kikaratasi kinasema vinginevyo. Pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu kabla ya kuitumia, kwa sababu mafuta mengi, kitambaa kilichosahaulika au kiota cha mdudu kinaweza kuupasua mtutu kwa risasi ya kwanza.