Mbegu mpya unayo, sasa mbona kahawa inashuka daraja?

Wakulima wenzangu wa kahawa, hasa nyie wa arabika huku milimani, kila shamba ninalofika swali ni lile lile: bwana shamba, nimepanda mbegu mpya, miti imebeba mpaka matawi yanainama, lakini kahawa ikienda kuonjwa inarudi na alama za chini, kwa nini? Na ukimwangalia usoni unaona mchawi ameshampata, mchawi ni mbegu. Eti zile za babu ndo zilikuwa na ladha.

Tuanze na hiyo mbegu basi tuimalize. Pale Lyamungo, Kilimanjaro, utafiti wa kahawa unafanyika tangu 1934, na TaCRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, iliupokea ukawa mikononi mwake 2001. Kazi kubwa ilikuwa kupambana na kutu ya majani na chulebuni, ule ugonjwa wa fangasi unaoweka madoa meusi ya kudidimia kwenye punje za kijani mpaka zinakauka mtini au kudondoka, ambao mara ya kwanza ulionekana Kenya 1922. Mbegu za zamani, N39 na KP423, zilikuwa na kikombe kizuri sana, yaani ladha ikionjwa, lakini bila kupuliza dawa za kopa mara kwa mara huvuni kitu. Wakachavusha, wakachagua, tukapata chotara kama N39-1 na wenzake na KP423-1, alafu zikafuata zile fupi zinazobanana shambani. Na mti hauchaguliwi kwa wingi wa punje tu, kikombe nacho kinaonjwa. Kwa hiyo mbegu sio mchawi.

Ila kuna kosa moja la mbegu nalikuta kila siku. Miche hii ya chotara inazalishwa kwa vikonyo au kwa kubebesha, sababu ukichukua punje yake ukaotesha unapata mtoto ambaye mara nyingi hafanani na mama. Sasa mtu anaokota miche iliyojiotea chini ya mti mzuri wa jirani, anapanda mia mbili, miaka mitatu mbele anakuta mmoja umefanana na mama, mwingine chulebuni imeujaa, na anasema mbegu za utafiti ni feki. Sio feki, wewe umepanda wajukuu wasiojulikana baba yao.

Kuna jambo huwa linanichekesha. Majirani zetu Kenya wanajivunia mbegu yao ya SL28, na wana haki, ni kahawa tamu kwelikweli, lakini asili yake ni miti iliyoonekana kuvumilia ukame huku Monduli 1931, mbegu zikabebwa kwenda Scott Laboratories, kituo cha utafiti huko Kenya, na mti mmoja ukachaguliwa huko. Na SL28 hiyo hiyo chulebuni inaipiga vibaya, bado inapata bei. Maana wenzetu wanaihangaikia ikishachumwa.

Kabla hatujafika huko, neno kidogo kuhusu kivuli maana najua kuna watu wanakata mringaringa wote ili kahawa ipate jua. Punje inayoiva polepole, kwa baridi ya mwinuko au kwa kivuli cha wastani, inajaa vizuri na inakuwa ngumu, na ladha yake ni nzuri zaidi. Joto la usiku nalo ni adui, utafiti uliochapishwa 2015 kwa takwimu za Tanzania ulionyesha kwamba kila joto la chini la usiku likipanda nyuzi 1 hekta inapoteza kama kilo 137 za mavuno kwa mwaka. Na mwaka 2014 ulichapishwa mwingine uliofanyika mlimani Kilimanjaro kwenyewe, walifunika matawi mengine kwa neti wakaacha mengine wazi, wakaona ndege na popo wakiruhusiwa kula wadudu idadi ya matunda inapanda kwa asilimia 9, na nyuki wakiruhusiwa kwenye maua uzito wa tunda unapanda kwa asilimia 7. Kwa hiyo ukitaka kupuliza, usipulize kahawa ikiwa imechanua. Ila msituni pia hapana, jua lipenye madoadoa, na matawi ya katikati ya mti yapunguzwe hewa ipite, sababu mti uliosongamana ndo nyumba ya antestia, yule kunguni anayetoboa punje changa. Rwanda na Burundi wanamjua vizuri, anahusishwa na ile kahawa inayonuka kama kiazi kibichi ambayo punje moja tu inaharibu kikombe kizima.

Sasa tuje kwenye kuchuma, na hapa ndo naanza kugombana na watu. Punje ya kijani ina ukakasi, ule ule wa ndizi mbichi, na mashine haiimenyi vizuri, inaikata. Iliyoiva kupita kiasi ikaanza kukauka mtini inaleta harufu ya pombe. Inayotakiwa ni nyekundu tupu, kwa hiyo unapita shamba kila baada ya wiki moja hadi mbili, sio unasubiri mti wote uwe mwekundu alafu unakamua tawi zima kwa kiganja kama unakamua ng'ombe. Najua vibarua ni gharama. Lakini mlipe kwa debe la nyekundu tu, debe lenye kijani achambue kwanza, utaona mkono wake unavyobadilika.

Ikishachumwa imenywe siku hiyo hiyo, isizidi masaa 8. Mimi mwenyewe yamenikuta. Foleni ya mashine ilikuwa ndefu, nikaona isiwe shida nikaacha magunia matatu mpaka asubuhi, asubuhi naweka mkono ndani ya gunia, joto kama ugali uliotoka jikoni. Nikamenya hivyo hivyo, nikavundika, nikaanika ikang'aa, kwa macho usingeijua. Waonjaji waliijua kwa kijiko kimoja, siki. Tena sio ule uchachu wa ndimu ambao wanunuzi wanautafuta na kuulipia. Kibaya zaidi nilikuwa nimeichanganya na ya siku nyingine nzuri, yote ikashuka.

Kabla ya kumenya mimina kwenye maji. Zinazoelea ni zile zilizotobolewa na ruhuka, mdudu anayeingia ndani ya punje, au zisizojaa, zitoe, zianikwe pembeni na maganda yake ziende kama buni.

Kuvundika, yaani kuiacha kahawa iliyomenywa kwenye tenki, ndo sehemu watu wanafanya kwa mazoea. Ule utelezi unaobaki kwenye punje ni pektini na sukari, vijidudu vya asili vinaula mpaka unaachia. Kazi yao inategemea joto, kwa hiyo wewe wa kule juu kwenye baridi unaweza kwenda masaa 36 hata 48 wakati mwenzako wa tambarare kidogo ameshamaliza kwa masaa 20, na ukiiga saa za shemeji yako wa chini utaosha kahawa bado ina utelezi, na yeye akiiga zako inaoza. Acha saa, tumia mkono. Chukua punje kiganjani na maji kidogo sugua, zikikwaruza kama changarawe tayari, zikiteleza bado. Wengine wanachomeka kijiti katikati ya tenki, kikichomolewa tundu likabaki wazi basi imeiva. Angalia mara kwa mara, usiku pia, ndio najua, usiku kuna usingizi.

Usimwage ya leo juu ya jana. Hapo unakuwa na mbili ndani ya tenki moja, moja imepita, moja bado. Na tenki lisuguliwe kila baada ya kuosha, hasa nyufa za saruji, punje moja iliyojificha mle ikaoza inaambukiza harufu. Maji ya kuoshea yasirudi mferejini, yana asidi na wanaoyatumia huko chini ni watu kama wewe, chimba shimo. Maganda ni mbolea, yaozeshe kwanza.

Kuanika ni kwenye kichanja, chini kwenye udongo hapana, hata turubai mimi silipendi maana hewa haipiti chini. Siku ya kwanza tandaza nyembamba maji ya juu yaondoke haraka, baada ya hapo polepole, unene wa kidole gumba, unageuza geuza mara nyingi kwa siku. Jua kali la mchana funika, pachimenti, lile ganda jembamba la punje, ikipasuka imekwisha, punje inakauka nje huku ndani bado mbichi. Jioni funika tena, kahawa iliyokauka ikanyeshewa inapata mabaka na hayafutiki. Hali ya hewa ikiwa nzuri siku 10 mpaka 14 zinatosha, na unyevu uwe asilimia 11 hivi, isizidi 12 maana hapo ukungu unaingia na sumu yake. Wazee wanapima kwa jino, ila kama chama chako kina kipimo kitumie, meno hayakubaliani.

Stoo nayo. Gunia la katani au juti, juu ya mbao, mbali na ukuta, sio kwenye mfuko wa nailoni, wala karibu na vitu vinavyonuka, sababu kahawa inavuta harufu kama sponji. Kuna nyumba niliikuta imelazwa kati ya dumu la mafuta ya taa na mfuko wa chakula cha kuku, kahawa nzuri, nyekundu tupu ilichumwa na ikavundikwa vizuri, nikamwambia mama hii isogeze sasa hivi hata kabla hujanikaribisha chai, akacheka, tukaibeba wote wawili kwenda chumba cha watoto.