Somo: Mizani ya henga (ya kutundikia nguo) kwa watoto wa miaka 4 hadi 6

Msianze na neno kilo. Mtoto wa Mwanza ameshaona samaki wakipimwa pale Mwaloni Kirumba, lakini mshale na namba havimwambii kitu mpaka mikono yake ijue kizito na chepesi.

Hatua ya 1: mikono. Andaa mfuko mkubwa wa dagaa wakavu na mfuko mdogo wa mchanga, mdogo uwe ndio mzito. Muulize upi mzito kabla hajagusa. Wengi huonyesha mkubwa. Usimsahihishe. Mpe abebe yote miwili, kisha abadilishane mikono. Kaeni hapa hata siku mbili tatu, kwa vitu vingine tofauti, maana jicho huchanganya ukubwa na uzito, na maelezo ya mdomo hayalitibu hilo.

Hatua ya 2: mizani. Tafuta henga ya plastiki yenye mikato mabegani ili kamba zisiteleze, na makopo mawili ya aina moja. Toboa kila kopo matundu matatu. Likiwa na mawili hupinduka na kumwaga. Kamba sita, kila moja sentimita 30. Usiitundike henga moja kwa moja kwenye msumari, ndoano husugua na mizani hukwama imeinama. Funga kamba kwenye ndoano, ndipo uitundike. Makopo matupu yasipolingana, bandika udongo kidogo chini ya lile lililo juu. Ukiruka hili, majibu yote yatakuwa ya uongo.

Hatua ya 3: vizibo vya soda. Ndimu ndogo kopo moja, vizibo kopo la pili. Akisie kwanza, ndipo ahesabu. Viwe vya bati vyote. Vya plastiki vina uzito wake.

Kilo ije mwisho: maji ya lita moja ni kilo moja. Abebe chupa kwa mkono, henga haiwezi. Tumieni maji ya bomba, kwani ziwani kuna kichocho.

Maswali ya wazazi

Mwalimu, mwanangu anasema sado (kopo la kupimia sokoni) ya dagaa na sado ya mchele ni sawa.
Kwa ujazo ni sawa, mpongeze. Sasa jazeni vikombe viwili vidogo vinavyolingana, mviweke kwenye mizani. Mchele utashuka, kwa sababu katikati ya dagaa kuna hewa nyingi. Kisha atikise kikombe cha dagaa aone nafasi inavyopatikana juu. Hapo ataelewa kwa nini vipimo vya kopo hubishaniwa sokoni.

Mdogo wake ana miaka miwili, acheze naye?
Vizibo hapana, vitamkaba. Mpe chupa mbili za nusu lita zilizofungwa vizuri, moja tupu na moja imejaa maji.

Vizibo 11 ndimu inazama, 12 inapanda. Aandike ngapi?
Aandike “zaidi ya 11, haifiki 12”. Usimlazimishe kuchagua, hilo ndilo jibu sahihi. Akitaka kujua zaidi, aongeze punje za mahindi juu ya vile 11 mpaka makopo yalingane.