Saa ya sola: tazama kwanza mshale wa sekunde

Ukienda kununua saa ya mkononi ya sola, kabla hujauliza bei tazama mshale wa sekunde. Kwenye Citizen Eco-Drive na Seiko Solar nyingi, mshale ukiruka sekunde mbili mbili badala ya moja moja, ujue chaji inakaribia kuisha. Hilo peke yake si ubovu, huenda imekaa kabatini miezi. Mwombe muuzaji aiweke juani huku wewe ukizunguka maduka mengine. Ukirudi ukikuta inahesabu moja moja, vizuri. Ikigoma, iache, hasa kama ni ya mtumba, maana ndani mna betri ndogo ya kuchaji, nayo huchoka baada ya miaka mingi.

Halafu kuna zile zinazojirekebisha kwa mawimbi ya redio. Bei yake iko juu, lakini mitambo inayorusha mawimbi hayo iko Japani, China, Marekani, Uingereza na Ujerumani. Ukiwa Dar es Salaam au Nairobi hutayapata, kwa hiyo usiyalipie! Afadhali hela hiyo iende kwenye saa inayostahimili maji kwa kiwango cha mita 100.

Mimi kazini navaa mikono mirefu, saa haioni mwanga wiki nzima, basi kila Jumapili asubuhi nailaza dirishani, uso juu. Ila kwenye dashibodi ya gari jua likiwaka, hapana kabisa. Joto lile linaua betri.