Usikatwe amana kwa jina la usafi unapohama Kampala

Kazi yangu ni kusafisha na kupaka rangi nyumba zilizohamwa, hasa Kansanga, Kabalagala na Bunga. Wanaoniita ni wenye nyumba, kwa hiyo najua ninacholipwa na kinachokatwa kwa mpangaji. Nimelipwa shilingi 70,000 za Uganda kusafisha chumba na sebule, kisha nikasikia mwanafunzi aliyehama amekatwa 300,000 "za usafi" kwenye amana, ile pesa aliyoiweka kwa mwenye nyumba alipoingia. Inaniuma, kwa sababu ugomvi huu unazuilika.

Huzuiwa siku ya kuingia. Kabla hujashusha godoro, piga video nyumba nzima: nyuma ya milango, ndani ya makabati, pembe za dari ya bafu ambako ukungu hujificha. Vuta maji chooni, fungua kila bomba. Itume siku hiyo hiyo kwa mwenye nyumba kwa WhatsApp: "Hajati, hii ndiyo hali ya nyumba niliyoikuta leo." Asipojibu si neno, ujumbe una tarehe. Usimtumie broka, yaani dalali, peke yake. Akishachukua kamisheni yake humwoni tena.

Mkataba uwe wa maandishi. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inataka hivyo kwa upangaji wenye thamani ya kuanzia shilingi 500,000. Ukikuta "nyumba irudishwe katika hali nzuri", omba yaongezwe maneno "isipokuwa uchakavu wa kawaida". Ni maneno machache, lakini ndiyo yatakayokutetea rangi ikiwa imefifia kwa jua, bawaba zimelegea au wavu wa dirisha umechoka. Hayo ni umri wa nyumba. Masizi ya sigiri, mafuta nyuma ya jiko, ukoko wa choo na matundu ya misumari ya televisheni ni yako, usibishane. Ukungu ndio unaogombanisha watu zaidi. Kama bafu halina hata kidirisha, hapo kosa ni la ujenzi, na ndiyo maana nasisitiza ile video ya dari.

Ukikaribia kuhama, safisha mwenyewe au tafuta mtu wako mkubaliane bei, na akuandikie risiti. Mkaguzi hutazama madirisha kwanza. Vumbi letu jekundu lifagie likiwa kavu kwa brashi, ndipo upitishe maji. Ukianza na maji unatengeneza tope kwenye nyavu. Ukuta wenye masizi uoshe kwa sabuni ya unga na maji ya uvuguvugu, ukianzia chini kwenda juu, ili maji machafu yasiache michirizi. Asidi usiiguse: inakula saruji kati ya vigae, na hapo utadaiwa ukarabati. Na tafadhali sana, usiichanganye kamwe na Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo. Mvuke wake unaweza kukuua ndani ya bafu dogo.

Makabidhiano yafanyike mchana, nyumba ikiwa tupu, Yaka (mita ya umeme wa kulipia kabla) ikiwa na uniti ili taa ziwake, na bili ya maji imelipwa. Tembea chumba kwa chumba na mwenye nyumba au msimamizi. Akisema pachafu, mwambie, "Nionyeshe, nisafishe sasa hivi." Mwanya huo wengi hawautumii kwa sababu gari la mizigo limeshaondoka na ufunguo wameuacha kwa mlinzi. Andikeni karatasi moja ya hali ya nyumba na kiasi cha amana kinachorudi, mtie sahihi wote wawili, ndipo utoe ufunguo.

Akikata hata hivyo, dai mchanganuo: kazi gani, nani aliifanya, alilipwa ngapi. Akikataa, nenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa; wengi hulainika wakiitwa pale. Ikishindikana, kuna utaratibu wa madai madogo mahakamani, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na huendi na wakili. Mpe mwenye nyumba kwanza barua ya kudai, ubaki na nakala yenye sahihi yake ya kuipokea, kisha uende na mkataba, risiti na zile video.